Mwarabu wa Idi, Mzaramo wa Baraza

Tulimwacha Mwalimu Saif amesimama mbele ya Liwali, joho jeusi mabegani, mkono wa kulia juu ya msahafu, mdomo wazi. Wiki nzima mmenisumbua njiani mkitaka kujua ni neno gani lilikuwa linatoka katika mdomo ule. Msomaji mmoja alinizuia penye duka la nyama akaapa hataniacha nipite mpaka nimwambie. Haya, leo mtalisikia bila ya kunikaba.

"Bwana Liwali," Saif alisema, "mimi si Mwarabu. Mimi ni Mzaramo."

Kisha hamali mmoja wa sokoni Kariakoo, aliyekuwa ameingia kupumzisha mgongo tu, akaangua kicheko hadi askari akamtoa nje.

Tusimlaumu. Saif huyu ndiye aliyewahi kumrudishia muuza kahawa kikombe kikiwa kimejaa, kisa kamwita "Mswahili mwenzangu". Siku za Idi alivaa jambia kiunoni akatembea kutoka Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo polepole, ili asikose kuonekana hata na vipofu. Pale Skuli ya Nuru alipokuwa akifundisha hesabu, watoto walijua majina ya babu zake mpaka wa Sur, kule Uarabuni, kabla hawajajua mbili mara mbili. Asubuhi ile babu wote hao aliwatupa baharini kwa sentensi moja.

"U Mzaramo tangu lini?" Liwali aliuliza.

"Tangu kuzaliwa, Bwana Liwali. Kwa upande wa mama."

"Na baba?"

"Baba alikuwa msafiri."

Fakhriya alikuwa upande wa wanawake, buibui limemfunika, mkono wa binti yake Amna umo ndani ya mkono wake. Wengine walikuwa bado wanacheka. Yeye alikwishaelewa.

Kwa msomaji aliyeanza leo, pengine kwa sababu gazeti limemfikia likiwa limefungia maandazi, nieleze kidogo. Fakhriya ni mjane mwenye duka la kanga Mtaa wa Kongo. Amna ni mwanawe wa pekee, ana miaka kumi na mitatu. Mwalimu Saif alikuwa akimbakisha darasani wenzake wakienda nyumbani, akamfanyia mambo ambayo mtu mzima hamfanyii mtoto, kisha akamwambia kwamba akisema hataaminiwa. Aliyesoma toleo lile amesoma, na aliyelikosa hakukosa kitu kizuri. Amna akasema. Mama yake akamwamini. Tena akaenda polisi kwa miguu yake, mchana kweupe, watu wakimwona, jambo ambalo Kariakoo nzima ililiona baya kuliko lile alilofanya mwalimu.

Bwana Shauri wa Kizungu kule bomani alikuwa ametoa agizo fupi. Kama mshtakiwa ni Mwarabu, si mwenyeji, aletwe korti yangu. Kama ni mwenyeji, Liwali amalize mwenyewe.

Korti ya Mzungu ilikuwa na jela ya miaka. Baraza la Liwali, kwa mashauri ya namna hii, lilikuwa na kahawa, faini, na wazee wenye ndevu nzuri wanaojua neno moja: suluhu. Sasa mnajua kwa nini Uzaramo ulimwingia mwalimu ghafla namna ile.

"Shauri linaahirishwa," Liwali alisema. "Wazee wa pande mbili wakae, wazungumze."

Kwenye ngazi za nje Saif alimpisha Fakhriya kwa adabu kubwa. Adabu hakupungukiwa nayo mbele za watu.

"Mama Amna, tusigombane," alisema. "Karibu tutakuwa watu wa nyumba moja."

Fakhriya alishuka ngazi. Lakini lile neno "nyumba moja" alirudi nalo mpaka dukani, na kabla hajamaliza kufungua milango maana yake ikaingia yenyewe, imevaa kanzu mpya, inanukia udi.

Ilikuwa ni Bwana Hamud, kaka wa marehemu mumewe, muuza tende na kahawa kwa jumla. Mtu mzito, wa kuheshimiwa, asiyekosa sala ya msikitini wala nafasi ya kutoa shauri kwa mjane.

"Shemeji, nina habari ya heri. Mwalimu Saif anataka kuoa."

"Heri yake. Anamwoa nani?"

"Amna."

Fakhriya alikuwa anakunja doti ya kanga. Aliiweka chini.

"Shemeji, mtu akikuvunjia kikombe, wewe unampa na birika?"

"Usinitolee maneno ya dukani. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu amekosa, anataka kusitiri, wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka afungwe."

"Afungwe!" Hamud alitazama barabarani kuona kama kuna aliyesikia. Palikuwa na wachukuzi na mikokoteni yao, na kelele tupu. "Akifungwa, jina la nani litatajwa kortini? Lake? La mtoto wako litatajwa, na langu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu amekwishapita, shemeji. Sasa anataka kurudi na mahari."

Hamud alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayevumilia mengi kwa ajili ya Mungu.

"Mimi ndiye walii wa Amna. Ndugu yangu hayupo, kwa hiyo mwenye kuoza ni mimi. Alhamisi wanakuja kuposa nyumbani kwangu. Ijumaa baada ya sala, ndoa. Ikishafungwa ndoa hakuna tena kesi, kwa Liwali wala kwa Mzungu. Nani atasikiliza mtu anayemshtaki mkwewe kwa mke wake mwenyewe?"

"Na mtoto ameulizwa?"

"Mtoto haulizwi. Huambiwa."

Akatoka, akanunua peremende za mjukuu wake kwa mchuuzi wa barabarani, akaenda zake.

Nyuma ya pazia la duka Amna alikuwa anapanga kanga kwa rangi. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Fakhriya alipofunua pazia, mtoto hakuinua uso.

"Mama, Ijumaa ni hii inayokuja?"

"Hutaolewa."

"Ami amesema ndiye walii."

Fakhriya alitaka kumwambia neno la kumtuliza, akalitafuta asilipate, kwa sababu Hamud alikuwa amesema kweli. Alikuwa na haki zote. Walii ni walii, hata akiwa na akili ya gunia la tende. Fakhriya aliogopa siku ile kuliko alivyoogopa siku ya polisi.

*

Alhamisi ikafika bila ya kukawia, kama zinavyofika siku usizozitaka.

Nyumbani kwa Hamud palifukizwa ubani, palikatwa halua, vikombe vya kahawa vikazunguka. Wanaume walikaa sebuleni juu ya mazulia. Wanawake walikaa chumba cha pili, nyuma ya pazia, Fakhriya katikati, Amna ubavuni mwake, na upande wa pili Mauza, binti wa Hamud. Karani wa Liwali, Bwana Rajabu, naye alikuwapo. Hakualikwa na mtu, ila palipo na halua huwa hangoji kualikwa.

Mshenga alikuwa Bwana Muhiddin, mtu aliyefanikisha ndoa nyingi na kuishi mbali na zote. Mila ya posa mnaijua. Mshenga hawezi kuingia tu akasema nipeni binti. Lazima amtaje kijana wake, amtaje na baba yake, na babu yake, na alikotoka, ili wenye binti wajue wanampa nani. Muhiddin alikohoa, akaanza. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka mingi mno hata ulimi ulikwenda wenyewe, wala hakuuliza kwanza kama maneno ya mwaka jana bado yanafaa mwaka huu.

"Tumekuja kwenu na kijana wetu Saif bin Nasor bin Salum, asili yao Sur, Mwarabu wa damu, baba na babu, hakuna doa..."

Saif alimkanyaga mguu. Muhiddin alidhani ni ajali, akaendelea mpaka babu wa saba.

Nyuma ya pazia Fakhriya aliinua kichwa.

"Samahani, Bwana Muhiddin," alisema kwa sauti ya upole. "Huku hatujasikia vizuri. Mwarabu wa wapi?"

"Wa Sur, bibi. Hakuna doa."

"Ahsante. Masikio yangu yana kasoro. Juzi nilimsikia akisema ni Mzaramo, kwa kinywa chake, mkono uko juu ya msahafu."

Kikombe cha Hamud kilisimama nusu ya safari.

"Yale ni maneno ya korti, shemeji."

"Kumbe. Na msahafu nao ulikuwa wa korti?"

Rajabu karani aliacha kutafuna.

"Mimi mwanamke wa dukani, sharia sijui," Fakhriya aliendelea. "Nililojua ni lile ulilotufundisha wewe, shemeji, kwamba walii hamwozi binti mtu asiye kufu yake. Daraja kwa daraja, nasaba kwa nasaba. Ulitueleza vizuri sana mwaka ule alipokuja Ramadhan seremala kumposa Mauza. Kijana wa watu, haibi, halewi, anasali. Ukamrudisha, ukasema babu yake ni Mzaramo, na nyumba yako haijachanganya damu."

Mauza aliingiza upindo wa kanga mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtoka, na haikujulikana kama anacheka.

"Nilisema," Hamud alikiri.

"Basi mwalimu atusaidie sisi wajinga. Bwana Rajabu yupo hapo, ni karani wa Liwali, masikio yake ni ya serikali. Mwalimu aseme mbele yake. Kama ni Mwarabu, haya, ni kufu, na kesho tutampeleka korti ya Mzungu wanakoshtakiwa Waarabu. Kama ni Mzaramo, aseme pia, na wewe shemeji utajua la kufanya."

Macho yote yakamgeukia Saif. Jasho lilimtoka chini ya kilemba.

"Mimi," Saif alisema, "ni mchanganyiko."

"Kwa kiasi gani?" Hamud aliuliza, kwa sauti anayowaulizia wauza kahawa wanaotia mahindi ndani ya gunia.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea... mahali."

Hamud alisimama. Kikombe kilianguka juu ya zulia na hakuna aliyekiokota.

"Toka nyumbani kwangu."

"Lakini Bwana Hamud, wewe mwenyewe ulisema..."

"Unataka kunitilia doa katika ukoo! Toka! Na mshenga wako!"

Wakatoka, Muhiddin akichechemea kwa ule mguu uliokanyagwa. Kwenye sinia palibaki halua nyingi, na Rajabu aliona ni dhambi kuiacha.

Wasomaji wangu, mtazameni Bwana Hamud vizuri kabla hatujamwacha. Mtu yule alijua alichofanyiwa mtoto wa ndugu yake. Alijua, na akammiminia kahawa aliyekifanya. Lakini aliposikia kwamba mama wa mtu huyo ni Mzaramo, damu ilimchemka, heshima ikamwamka, ukoo ukawa hatarini. Wala hakukumbuka kuwa bibi mzaa mama wa Fakhriya alikuwa Mmanyema. Hilo alilijua tangu zamani, ila nduguye alikuwa amekwishaoa na wali wa harusi umekwishaliwa.

Njiani kurudi, Amna na mama yake walilipita soko. Wauzaji walikuwa wanafunika mafungu yao ya nyanya na bilinganya.

"Mama."

"Naam."

"Angekuwa Mwarabu kweli, ningeolewa?"

Fakhriya alisimama.

"Nisingekubali."

"Ungewaambia nini?"

Alikuwa anajua kwamba asingekuwa na la kuwaambia. Alikuwa ameshinda kwa fimbo chafu, ile ile iliyompiga Mauza, na mwanawe aliiona mkononi mwake. Aibu ilimpanda mpaka usoni. Lakini hata hivyo asingeirudisha, na angetakiwa kuitumia tena angeitumia. Alimshika Amna mkono, wakaenda.

*

Baraza likakutana tena, safari hii watu wamejaa mpaka madirishani. Habari ya posa ilikuwa imefika Jangwani na kurudi.

Wa kwanza kusema alikuwa Hamud, asiyeulizwa.

"Bwana Liwali, huyu mtu ni ayari, laghai mkubwa! Kala karamu zetu, kakaa mbele katika harusi zetu. Leo anasema ni Mzaramo. Athibitishe!"

Liwali alipenda watu wafupishe. Alimgeukia Saif.

"Una mtu wa ukoo wako?"

Saif alisita. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayetapika kitu kigumu, "Mama yangu yupo hapa mjini."

"Mama yako? Yuko wapi siku zote?"

"Nyumbani kwangu."

Minong'ono ilianza upande wa wanawake. Nyumbani kwa Saif walimjua bibi mmoja tu, Bi Tatu, mwenye kufagia uani na kupika. Wageni wakiuliza, mwalimu alikuwa akisema, "Ah, yule ni mpishi, nimemchukua kwa huruma." Walikuwa wanamsifu kwa huruma yake.

Tarishi akatumwa. Walisubiri, wengine wakalala, na Bi Tatu alipoingia alikuwa na kanga mbili zilizopauka na ndala za ngozi, ambazo alizivua mlangoni. Saif alikwenda kumpokea. Akamshika mkono.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya kusikika na watu wote.

Bi Tatu aliutazama ule mkono ulioshika wake.

"Marahaba," alisema. "Nilipotoka nyumbani nilikuwa mpishi. Korti yenu ina baraka."

Watu walicheka, na Liwali mwenyewe akajifuta mdomo kwa leso.

"Bibi, huyu ni mwanao?"

Hapo ndipo Fakhriya alipoinamia mbele asikie vizuri. Neno moja la bibi huyu lingetosha. Akisema simjui, mwalimu anarudi kuwa Mwarabu, na kesho yuko mbele ya Mzungu. Na kwa nini asiseme? Miaka yote hiyo kafichwa jikoni kama sufuria lililotoboka. Angelipa kwa neno moja, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ni mwanangu," Bi Tatu alisema. "Nimemzaa mwenyewe, Kisarawe, mvua inanyesha. Yeye alinikana. Mimi simkani."

Saif alifumba macho kwa furaha.

"Andika," Liwali alimwambia Rajabu. "Mshtakiwa ni Mzaramo, mwenyeji. Shauri ni letu."

Rajabu aliandika, kisha akainua kalamu. Alikuwa mtu mwenye kupenda kusaidia, hasa baada ya ile halua.

"Niandike na habari ya viboko, Bwana Liwali?"

"Viboko gani?" Saif aliuliza.

"Mwenyeji akipatikana na kosa kama hili, juu ya faini anaweza kuchapwa. Waarabu na Wahindi ndio sheria huwaonea haya. Wewe umetoka huko."

Mwalimu aligeuka rangi. Kwa mara ya kwanza, nadhani, alielewa maana ya neno mwenyeji, ambalo nusu ya mji ule walilibeba mgongoni kila siku bila ya kuulizwa.

"Bwana Liwali, naomba kufafanua. Kwa upande wa baba, kusema kweli..."

"Baba ni msafiri!" mtu alipiga kelele dirishani, na baraza likaanguka kwa kicheko. Hata yule hamali alikuwa amerudi.

"Kimya!" Liwali alisema. "Umekwishaapa. Sasa tuingie katika shauri lenyewe. Nani shahidi?"

Vicheko vikaisha. Hapo palikuwa pagumu, na kila mtu alijua.

"Binti yangu alikwishasema bomani," Fakhriya alisema.

"Neno la mtoto mmoja," mzee wa kwanza wa baraza alisema.

"Watoto huota," mzee wa pili alisema. "Hasa wanaosoma."

"Kuna aliyeona?" Liwali aliuliza. "Mtu yeyote?"

Hakuna aliyeona. Makosa ya namna ile watu huyafanya wakiwa wamefunga mlango, halafu wazee wenye ndevu nzuri huuliza kwa nini hapakuwa na watazamaji. Fakhriya alitaka kuwaambia hivyo. Alimtazama Amna. Mtoto alikuwa ameinamia vidole vyake, na uso wake ulikuwa umefungwa kabisa, kama wa mtu aliyekwishajua mwisho wa hadithi na hauoni mpya.

Liwali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na njaa ilikuwa inamuuma. Alishauriana na wazee kwa kunong'ona.

"Kwa kuwa hakuna shahidi," alisema, "na kwa kuwa mshtakiwa ni mwalimu, mtu wa faida, baraza linaona atoe faini, aombe radhi kwa mama wa mtoto, na asifundishe kwa muda."

Fakhriya alisimama. Mwanamke hasimami barazani bila ya kuitwa, lakini alisimama.

"Kwa muda gani, Bwana Liwali?"

"Kwa muda tu. Mpaka mambo yatulie."

"Mpaka amfikie mtoto gani mwingine?"

Askari alimsogelea. Liwali alimzuia kwa mkono, akamfanyia Rajabu ishara aandike, na Fakhriya akakaa. Saif alikuwa amekwishaweka mikono kifuani tayari kuomba radhi. Alikuwa anaomba radhi vizuri sana, alikuwa anaifundisha darasani.

"Bwana Liwali."

Ilikuwa ni Bi Tatu. Watu walikuwa wamemsahau. Alikuwa bado amesimama pale pale walipomwacha, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

"Nenda nyumbani, bibi. Yako yamekwisha."

"Umeniuliza kama ni mwanangu, nimejibu. Hukuniuliza kama ni mtu mwema."

Saif aligeuka. "Mama!"

"Tulia. Umenitaka niwe mama yako, sasa nakulea." Bi Tatu hakupandisha sauti. "Mimi nafagia ule ua, wa nyumba na wa skuli ni mmoja. Naona wanaoingia na naona wanavyotoka. Huyu binti si peke yake. Ana mwenzake, mtoto wa Kasmir, yule Mchaga muuza maharage sokoni. Leo nilipoitwa nilipita kwao sokoni, nikamwambia mtoto ninakokwenda. Sikumwambia anifuate. Amenifuata."

Vichwa vyote viligeuka mlangoni.

Pale kizingitini alikuwa amesimama msichana mwembamba mwenye gauni la buluu na msalaba shingoni. Candida. Mwaka uliopita aliacha Skuli ya Nuru katikati ya somo, na wateja walipouliza, Kasmir aliwaambia kuwa binti yake anasumbuliwa na homa. Kariakoo ilimpa pole, ikanunua maharage, ikasahau.

"Una neno, mtoto?" Liwali aliuliza. Njaa ilikuwa imemtoka.

Candida alifungua mdomo. Lakini sauti iliyosikika ilitoka nyuma yake, barabarani, na ilikuwa nzito.

"Candida! Toka hapo!"

Kasmir alikuwa amekimbia kutoka sokoni, shati limeloa, vumbi la magunia limemjaa mikononi. Watu walimpisha. Alisimama hatua chache nyuma ya binti yake.

"Twende nyumbani," alisema. "Wewe hukufundishwa na mtu huyu. Wewe ulikuwa mgonjwa. Sema ulikuwa mgonjwa, twende."

Saif alikuwa anatabasamu tena, kidogo tu, kwenye pembe ya mdomo. Fakhriya aliliona lile tabasamu, na laiti macho yangekuwa na kucha.

Candida hakusema alikuwa mgonjwa. Alikuwa amesimama na mguu mmoja ndani na mmoja nje, anamtazama baba yake, na ilionekana wazi kwamba angegeuka.

Ndipo Amna aliposogea. Siku zote hizo za baraza hakuwa ametamka neno hata moja mbele ya watu wale. Alisogea kwenye mkeka, akamsukuma mama yake kidogo, akapapasa ile nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa," alisema.

Candida aliinama, akavua viatu, akaviweka pembeni mwa ndala za Bi Tatu, akaingia.

Na Kasmir naye akaingia nyuma yake, moja kwa moja juu ya mikeka ya Liwali, viatu vyake viko miguuni. Kama aliingia kumtoa binti yake au kukaa naye, mtalisoma wiki ijayo; penye duka la nyama msinizuie tena.